Msanifu wa programu tuliyemleta Tanga kutuhamisha kwenye open sosi: nyota 4 kati ya 5

Ndugu zangu, kama ofisi yenu ni kubwa na bosi kashaanza kusema "hamieni vya bure", yani hizo programu za open sosi ambazo kodi yake iko wazi kwa kila mtu, someni hii kwanza. Sisi maghala yako Pongwe, ofisi Chumbageni, watu wa aitii tuko saba tu, na leseni ya databesi kila mwaka inatukamua mpaka mhasibu mkuu akagoma kulipia tena. Ndo tukamchukua dada mmoja, msanifu wa programu, kwa wiki sita.

Nilijua atatuchorea maboksi na mishale basi. Wapi! Siku ya kwanza kaenda ghalani kukaa na makarani, anawauliza mfumo ukilala saa nane usiku anaamshwa nani. Halafu akatuandikisha kila kipande kilichomo kwenye mifumo yetu, tukakuta Log4j ya zamani, kipande cha kuandika kumbukumbu za mfumo, ileile yenye tundu la usalama lililotangazwa Desemba 2021, yani miaka yote hiyo tumelala nayo na hakuna aliyejua maana hatukuwahi kuandika tumebeba nini. Hiyo peke yake kwangu ilirudisha hela yake.

Databesi akachagua PostgreSQL, leseni yake haina masharti mengi. Vijana walitaka Redis ya kuweka data za haraka kwenye memori, akawaambia leseni yake ilibadilishwa Machi 2024 ikaongezwa masharti, akamwita mwanasheria wa kampuni waisome wote mezani, mwisho tukachukua Valkey, ambayo baadhi ya waliokuwa wakiitengeneza Redis waliianzisha mwezi uleule chini ya Linux Foundation. Mimi nisingejua hata pa kuanzia.

Kilichonigusa zaidi ni kikao na mhasibu. Dada alimwambia wazi, leseni ni bure ila mtu wa kuitunza siyo bure, akakomaa mpaka sehemu ya hela iliyookolewa ikatengwa kusomesha vijana wetu wawili, na tukirekebisha kosa kwenye programu, marekebisho tuyarudishe kwa wenye mradi, la sivyo kila apdeti tutakuwa tunarekebisha upya.

Nyota moja nimekata kwa sababu ripoti ni Kiingereza kitupu, meneja wa ghala hajaifungua mpaka leo na yeye ndo anautumia huo mfumo. Halafu kuhamisha zile prosija, vijiprogramu vinavyokaa ndani ya databesi yenyewe, alisema wiki mbili, zikaenda tano, tukamwongezea mkataba.

Stoo imeshahama, bekapu tumejaribu kuirudisha mara mbili imekubali. Mishahara bado, tumemwomba arudi.