Makopo ya kupandia ya chupa, soko la Mwanga

Kuna mama pale soko la Mwanga, Kigoma, anauza makopo ya kupandia aliyoyakata kwenye chupa za maji za lita 1.5. Nilichukua manne, nikapanda vitunguu majani na giligilani, nikayatundika barazani. Nilichopenda zaidi ni ukingo: ameukandamiza kwenye pasi ya moto mpaka ukajikunja ndani, haukati vidole wala kamba. Kasoro ni matundu ya chini, mawili tu. Masika maji yakatuama, miche ikaanza kuoza; nikaongeza matatu kwa msumari uliopashwa moto. Sasa inachipua vizuri sana. Ila chupa kama hizo zisizokatwa msitilie mawese ya moto, plastiki yake hulegea ikifika nyuzi 70 hivi.