Tahadhari: "biashara ya madai ya bima" ya kufanyia nyumbani, Arusha na Moshi

Nimepigwa laki nane na nusu. Naanza na hilo msije mkadhani nasimulia ya jirani.

Aliyenipiga ni chalii mmoja nadhifu, anajiita mkufunzi, anazunguka kati ya Arusha na Moshi akiuza anachokiita biashara ya madai ya bima ya kufanyia nyumbani. Maelezo yake matamu: zahanati zimezidiwa na makaratasi ya bima, wewe unakaa kwako na laptopu, unawaandalia madai, yaani maombi ya kulipwa na bima, unakula asilimia ya kila dai linalolipwa. Mimi nimeacha kazi nilee mtoto wa miezi mitano. Nilisikia kama ameniandikia mimi.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba si mgeni wa mambo hayo. Miaka mitatu nimekaa mapokezi ya zahanati, nimepokea kadi, nimejaza fomu 2A na B za Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya mpaka kidole kikaota sugu. Najua dai likikosa sahihi ya mgonjwa, au dawa zisipoendana na ugonjwa ulioandikwa, Mfuko unakata malipo, halafu mwenye zahanati anakuja kufoka mapokezi. Kwa hiyo yule kijana alipoanza kuongelea makato, niliitikia kwa kichwa tu. Tisa alizosema zilikuwa kweli. Ya kumi ndiyo aliyoniuzia.

Laki moja ilikuwa ya semina, chumba cha kukodi karibu na Mnara wa Saa, chai na sambusa mbili. Laki nne "leseni ya programu". Laki tatu na nusu "orodha ya zahanati 20 zinazosubiri mtu". Nusu ya hela hiyo ni mkopo wa kikoba, na marejesho ni kila Jumamosi. Programu yenyewe, nilipoifungua nyumbani, ni jedwali la Ekseli lenye rangi rangi. Hata jumla lilikuwa linakosea.

Orodha ndiyo iliyonifungua macho. Nilipiga namba zote 20. Nyingi hazipatikani, moja ni duka la dawa Ngaramtoni, nyingine ni baba wa watu anayeuza mbao na alishachoka kupigiwa. Zahanati halisi nilizipata tatu, na hakuna hata moja iliyowahi kumsikia. Mama mmoja mwenye zahanati upande wa Sakina alinicheka kwa upole, akaniambia: "Mwanangu, madai natuma kwa akaunti ya kituo changu. Nikikupa paswedi ukakae nayo kwako, likitokea la kutokea, utakaovunjwa ni mkataba wa nani?"

Hapo ndipo biashara yote inapofia, na ningepaswa kuliona mwenyewe. Anayedai kwa Mfuko ni kituo chenye mkataba na Mfuko. Kadi inahakikiwa pale dirishani mgonjwa akiwa amesimama, sahihi anaweka palepale, na dai linakwenda kwa jina la kituo. Zahanati ndogo ina karani mmoja anayefanya hiyo kazi pamoja na mapokezi. Hospitali kubwa zina ofisi nzima ya watu wa bima. Wewe wa nyumbani unaingilia mlango gani?

Nilipolalamika hakugombana. Akaniambia nimekwama kwa sababu niko "daraja la ndani", niongeze laki sita nipande "daraja la Marekani", huko madaktari wanalipa kwa dola. Nashukuru sikuwa nazo. Nikakaa usiku mmoja nasoma, mtoto kifuani. Kazi yenyewe Marekani ipo kweli: kuna watu wanaopanga misimbo, ICD-10 ya magonjwa na CPT ya huduma, wakatuma madai kwa makampuni ya bima, na wengi wamesomea na kufanya mitihani. Ila huko huko, kuuziana "anza biashara hii nyumbani" ni utapeli wa siku nyingi. Tume yao ya biashara, FTC, imeshawashitaki wauzaji wa namna hii mara nyingi, na orodha za madaktari wasio na habari ni mchezo uleule. Kanuni yao inamtaka anayekuuzia fursa ya biashara akupe maelezo kwa maandishi siku 7 kabla hujalipa. Pia kwa sheria yao ya mwaka 1996, HIPAA, daktari lazima awe na mkataba wa maandishi na mtu wa nje anayemshikia taarifa za wagonjwa. Sasa huyo daktari wa Marekani amempata chalii wetu kwenye WhatsApp?

Kuna jambo baya kuliko hela. Alitutumia "mazoezi": picha za kadi za bima za watu halisi, majina na namba za uanachama zikiwa wazi, tujaze fomu kana kwamba wametibiwa. Niliogopa. Kujaza matibabu ambayo hayakufanyika ni kughushi, uite mazoezi au vyovyote. Na tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022. Kadi ya mtu si ya kurushwa kwenye makundi. Kama unazo picha hizo usimtumie mtu yeyote, hata kama ni kuonyesha ushahidi. Waonyeshe polisi.

Risiti ya EFD hatoi, anasema "mfumo uko chini". Hela inalipwa kwa namba yenye jina la mwanamke mwingine. Nilipigia mtandao wa simu wazuie muamala, lakini nilikuwa nimechelewa, ilishatolewa kwa wakala. Wewe kama umetuma leo, piga sasa hivi, usisubiri kesho. Namba ya tapeli itume kwa meseji kwenda 15040, ndiyo ya kuripoti utapeli wa simu.

Polisi nimeshafungua taarifa na RB, namba ya taarifa hiyo, nimeshachukua. Mpaka sasa tumejuana watu saba, na afande ametuambia tuje pamoja na miamala yetu, kwa hiyo msifute meseji hata moja.

Jumamosi hii nasikia ana semina Moshi, maeneo ya stendi. Ukialikwa usilipe, ila nitumie ujumbe uniambie ni ukumbi gani.