Rivyu ya ofisi ya mafao: kukulipa kwa kijiko, kukudai kwa beleshi

Juzi ofisi ya mafao, ile hela ya serikali ya kumsaidia mwenye kipato kidogo, wamenitumia meseji wanauliza nimeridhika na huduma yao kwa kiwango gani kuanzia 1 mpaka 5, na chini yake kuna kiboksi cha maoni kinachokubali herufi mia mbili tu. Mia mbili! Mimi nina miaka mitatu nao, nimeomba, nimengoja, nimelipwa, nimedaiwa, nimekata rufaa, sasa yote hayo nayaingizaje kwenye kiboksi kile. Kwa hiyo naandika huku. Jina la ofisi silitaji maana faili langu bado liko kwao na mimi sio mjinga, ila kama umewahi kupanga foleni ya mafao ya serikali popote pale utaijua tu. Nyota mbili kati ya tano, na katika hizo mbili moja na nusu wala sio ya kwao, ntaeleza huko mbele.

Kuomba kwenyewe siku hizi ni mtandaoni, sawa, sikatai, inapunguza kuzunguka. Shida ni ile fomu, ukiinuka dakika kumi na tano kutafuta barua ya mwajiri kwenye droo ukirudi imeshakutoa nje unaanza na jina la kwanza. Picha ya kitambulisho walinikatalia mara tatu, mara mwanga mdogo, mara kuna kivuli, mara kona haionekani, ya nne nikarudisha ileile ya kwanza ikapita. Basi nikangoja. Na kungoja nako msidhani ni uzembe wa afisa mmoja, kumepangwa. Uingereza kwa mfano kwenye Universal Credit, yale mafao yao ya wasio na kazi au wenye kipato kidogo, malipo ya kwanza yanakuja kama wiki tano baada ya kuomba, ukisema huwezi kungoja wanakupa kianzio, ila kile kianzio ni mkopo, watakukata kidogo kidogo kwenye malipo yanayofuata. Yaani mtu anaanza kusaidiwa akiwa tayari na deni. Aliyebuni hiyo nina uhakika alikuwa na mshahara.

Nitoe sifa panapostahili. Kuna dada mmoja wa kaunta, mpole, anakusikiliza mpaka mwisho na anakuandikia kwenye kikaratasi jina la fomu unayotakiwa kuijaza badala ya kukutajia tu ukasahau mlangoni. Ile nusu nyota ni yake.

Sasa tuje kwenye kimbembe. Nilipata kibarua cha masaa machache, nikatoa taarifa siku hiyohiyo, nikapewa namba ya kumbukumbu, nikapiga skrinshoti (hii skrinshoti ikumbukeni). Mwaka na miezi miwili baadaye ikaja bahasha yenye kidirisha. Nilisimama nayo mlangoni. Ndani karatasi mbili. Aya ya kwanza kiasi ninachodaiwa, kwa herufi nzito. Aya ya pili njia za kulipa, namba ya akaunti, mpaka na ule mchoro wa kuskani na simu. Aya ya tatu nisipolipa watanikata kwenye mafao yangu. Na sababu? Sentensi moja: "Mapato yako yalibadilika." Basi. Yalibadilika lini, kutoka ngapi kwenda ngapi, wamezidisha na nini wakatoa nini, hakuna. Duka la kona ukinunua sabuni unapewa risiti yenye mistari, hawa wanakudai hela ya miezi kwa sentensi yenye maneno matatu.

Nikakaa mezani na daftari na stetimenti za benki. Nilichokigundua ni hiki, nisomeni taratibu maana hata mimi ilinichukua usiku mzima. Mshahara wangu unaingia tarehe 1. Mwezi mmoja tarehe 1 ikaangukia Jumapili, mwajiri akawahisha akalipa Ijumaa tarehe 30. Kwa hiyo kwenye kumbukumbu zao mwezi ule una mishahara miwili, wa tarehe 1 na wa tarehe 30, na mwezi unaofuata hauna hata mmoja. Mwezi wa mishahara miwili wakaninyima mafao, wakasema nina kipato kikubwa. Mwezi wa pili wakanilipa kamili kwa sababu eti sina kipato. Nikaona potelea mbali, imejibalansi. Kumbe baadaye mtu, au mashine, akapitia faili akaona ule mshahara wa tarehe 30 ulikuwa wa mwezi wa pili, akausogeza mahali pake, na akahesabu kwamba mwezi wa pili walinizidishia. Kweli walinizidishia. Ila ukiutoa kule mwezi wa kwanza si ina maana mwezi wa kwanza walinipunja? Hapo hakuna aliyeangalia. Kalamu yao ilisahihisha upande mmoja tu, upande wa wao kudai.

Na nisidhaniwe ni mimi tu nina bahati mbaya na kalenda. Mambo haya ya mishahara miwili ndani ya mwezi mmoja kina mama wanne waliyapeleka mahakamani Uingereza, na mwaka 2020 Mahakama ya Rufaa ikasema serikali haikuwa na busara kuacha mfumo uendelee kuhesabu namna ile. Kalenda inajulikana miaka mia mbele, Jumapili haiji kwa kushtukiza, lakini ilibidi majaji waseme.

Nikapiga simu. Muziki dakika hamsini, ule wa kinanda unaokatika katikati ukafikiri mtu amepokea kumbe unaanza upya. Kijana akapokea, hana ubaya, ila kila nikimuuliza hesabu imetoka wapi anajibu "sistimu ndiyo imetoa hiyo figa." Nikamwambia kaka, hata mimi naweza kuandika figa, naomba njia. Akasema yeye kwenye skrini yake haoni njia, anaona jumla tu. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hata wao hawajui, na hicho ndicho kilichonitisha kuliko ile barua.

Australia walishapita huku wakaumia. Kuanzia 2016 serikali yao ilikuwa inachukua kipato cha mtu cha mwaka mzima kutoka kwenye kodi, inakigawa sawasawa kwa vipindi vya wiki mbili mbili, halafu inadai kwamba mtu alikuwa anapata kiasi hicho kila kipindi. Sasa mtu aliyefanya kazi miezi mitano akakosa kazi miezi saba akaomba mafao kihalali, hesabu ya kugawa sawasawa inamuonyesha alikuwa na kipato mwaka mzima, mwizi. Halafu yeye ndiye aambiwe atafute karatasi za mshahara za miaka ya nyuma athibitishe. Wenyewe wanaiita Robodebt. Mwaka 2019 serikali ikakubali mahakamani kwamba deni la namna hiyo halina msingi wa kisheria, na tume ya uchunguzi ikatoa ripoti yake Julai 2023. Zaidi ya watu 400,000 walishadaiwa. Kosa lenyewe ni la hesabu ya darasa la tano, wastani sio kipato halisi, lakini likiwekwa kwenye barua yenye nembo ya serikali watu wanalipa. Wengi wanalipa tu, hawaulizi. Hata mimi nilikuwa nimeshafungua app ya benki usiku ule, wallahi.

Hatua ya kwanza ya kulalamika ni kuwaomba haohao wapitie upya uamuzi wao. Ni sawa na kumpa mwanafunzi asahihishe mtihani wake. Jibu lilikuja baada ya wiki saba: afisa mwingine amepitia, uamuzi haujabadilika. Hesabu? Hakuna. Lakini msiiruke hii hatua hata kama mnaona ni sarakasi, maana sehemu nyingi bila barua ya hilo jibu huwezi kwenda mbele, na ina siku zake. Uingereza ni mwezi mmoja tangu tarehe ya uamuzi, Marekani kwa Social Security, yale mafao yao ya uzeeni na ulemavu, ni siku 60. Siku zinaanza kuhesabiwa kwenye tarehe ya barua au ya kuipokea, sio siku ulipopata ujasiri wa kuifungua. Jirani yangu mmoja aliziweka bahasha zake kwenye mfuko wa rambo nyuma ya mlango miezi minne, alipokuja kuzifungua deni limeshaanza kukatwa na mlango wa rufaa umebaki kidogo sana, ilibidi aeleze alikuwa anaumwa.

Kitu kingine ambacho hakuna aliyeniambia, na naona watu wanakichanganya kila siku. Kusema "sidaiwi" na kusema "nadaiwa ila nisameheni" ni maombi mawili tofauti. Kule Marekani yana mpaka fomu tofauti, moja ya kupinga deni, nyingine ya kuomba wasilidai kwa kuwa kosa halikuwa lako na kulilipa kutakuumiza. Ukijaza ya msamaha peke yake wakati hesabu ni mbovu, unakuwa kama umekubali deni lisilo lako. Na kiasi cha kukatwa nacho kinategemea upepo wa wakubwa, Machi 2024 walishusha makato ya kawaida ya Social Security kutoka kila kitu mpaka asilimia 10, mwaka uliofuata yakapandishwa tena mpaka 50. Mtu ni yuleyule, deni lilelile, nusu ya hela yake ya mwezi inategemea nani amekalia kiti.

Na ile kauli ya "lakini kosa ni la kwenu" msiitegemee sana. Kwenye Universal Credit sheria inawaruhusu kuidai hata hela waliyokuzidishia kwa makosa yao wenyewe. Uholanzi ndio ilikuwa balaa, wazazi waliokuwa wanapata hela ya kusaidia kulipia kituo cha kulelea watoto walikuwa wanaambiwa warudishe yote, sio iliyozidi, yote, kwa sababu ya kitu kama sahihi iliyokosekana au mchango mdogo ambao hawakuulipa wao. Familia zilivunjika kwa madeni. Januari 2021 serikali nzima ya Mark Rutte, waziri mkuu wao wa wakati ule, ikajiuzulu kwa ajili ya hilo.

Haya, baraza la rufaa. Hii ndiyo nyota nzima moja. Niliogopa, nilivaa koti kama naenda kuposa. Kumbe ni chumba kidogo, meza, mtungi wa maji, jaji mama mtu mzima mwenye miwani ya kamba. Wa ofisi hawakutuma mtu, walituma kabrasha la kurasa mia na kitu, na katika kurasa zote hizo hesabu haimo, mimi nimelipekua mara mbili. Jaji naye alipekua. Akanitazama juu ya miwani akaniuliza swali ambalo kwa miezi yote ile hakuna aliyeniuliza: "Na mwezi wa nyuma yake ulilipwa kiasi gani?" Nikamwambia sifuri, nikampa stetimenti, nikampa skrinshoti yenye namba ya kumbukumbu na tarehe. Akachukua kalamu ya risasi akachora mstari katikati ya karatasi, huku mwezi wa kwanza, huku mwezi wa pili, akawa anaandika na kusema kwa sauti ili nimfuate. Dakika ishirini tumemaliza. Nilichozidishiwa kutoa nilichopunjwa ikabaki kidogo sana, ile tofauti ya kiwango cha mafao kilipopanda, nikakubali nadaiwa nikailipa kwa mara moja. Mtu akinionyesha hesabu mimi silalamiki jamani.

Mnaokwenda huko: barua ya kwanza kabisa mnayoandika iwe ya kuomba mchanganuo, mwezi kwa mwezi, walicholipa na walichotakiwa kulipa, na muombe miezi ya kabla na ya baada sio ile waliyoichagua wao. Muandike, msipige simu tu, na mkipiga simu andikeni jina na saa. Kama wanawakata wakati kesi inaendelea, waombeni wasimamishe, mimi sikujua nikakatwa miezi mitano bure.

Hiyo hela ya miezi mitano imerudi mwezi uliopita. Haikuja na barua, niliikuta tu kwenye akaunti na maelezo yake ni herufi tatu na namba, na kwa mahesabu yangu imepungua ya mwezi mmoja. Nimewaandikia kuomba mchanganuo. Leo ni siku ya kumi na tisa, kilichokuja mpaka sasa ni ile meseji ya nyota.