Ticha wa bendi za kanisa hapa Mwanza: Jumamosi tatu, na mkono wa kushoto wa kinanda ukafungiwa mfukoni

Bwana asifiwe wapendwa. Mmeniuliza sana kuhusu yule ticha tuliyemleta kuinoa bendi yetu, kama anafaa au ni hela ya kutupa, basi leo nasema yote nisirudie rudie. Jina lake silitaji, wala la chumba tulichokodi, maana kuna sehemu nitalalamika na sitaki kumharibia mtu riziki yake, mkimtaka mtanitafuta pembeni.

Mi napiga besi, mwaka wa sita sasa, kanisa letu liko upande wa Nyakato, la bati, mvua ikinyesha mahubiri yanasimama. Tupo drams, besi, solo, ridhim, vinanda viwili na waimbaji sita. Mmoja mmoja tunajua, tusidanganyane, yule kaka wa solo ukimwachia gitaa akaanza sebene utasahau ulikuja kuungama. Shida ni tukiwa pamoja. Waliokulia Usukumani wanawajua Bagika na Bagalu, vikundi viwili vya ngoma vinapambana siku moja na kila kimoja kinavuta watazamaji upande wake, kwenye ngoma ndo utamu wenyewe huo, aliyejaza watu ndo kashinda. Sasa kinanda na solo wakianza kuvutana hivyo madhabahuni, dada anayeongoza sifa anabaki katikati anapasua koo tu. Wazee walishalalamika mara mbili kwenye kikao kwamba muziki umekuwa kelele na sisi tukasema wazee hawaelewi mambo ya kisasa.

Bei alitaka laki mbili, tukashuka hadi 180,000 kwa Jumamosi tatu, saa tatu za mazoezi kila moja. Chumba 10,000 kwa saa, kwa hiyo saa tisa ni 90,000 nyingine. Tulichangishana wenyewe, kanisa lilitoa nauli ya bajaji.

Jumamosi ya kwanza hakugusa chombo chochote. Akasema pigeni pambio lolote kama mnavyopiga siku zote, akaweka simu yake juu ya kiti kule nyuma ikirekodi. Tulivyomaliza, tena tumemaliza na mbwembwe kabisa, akauliza kila mtu swali moja, ulimsikia nani? Solo akasema nilijisikia mimi. Ridhim akasema solo. Mimi nikasema kiki kidogo, ile ngoma kubwa ya kupigwa kwa mguu. Dogo wa drams akacheka tu, kumbe hakusikia mtu hata mmoja, miaka yote anapiga kwa kuangalia midomo ya waimbaji. Afu akatuchezea ile rekodi huku anagonga gonga kwenye programu ya kupima mwendo, tulianza na mapigo 96 kwa dakika tukamaliza na 118, na hakuna aliyekuwa na habari. Ndo maana wamama wanaocheza pale mbele huwa wanakaa chini kabla wimbo haujaisha, sisi tulijua ni umri.

Baada ya hapo akamgeukia kaka wa kinanda cha kwanza akamwambia, mtumishi, huo mkono wa kushoto naomba uweke mfukoni. Tukadhani utani. Hapana, mfukoni kweli, kwenye suruali, wimbo mzima.

Sababu yake ni hii, na mimi kama mpiga besi niliwahi kuihisi ila sikujua kuielezea. Ule uzi mnene wa besi, E, ukiupiga wazi unatetema kama mara 41 kwa sekunde, na nyingine zote ninazopiga ziko huko huko chini. Kinanda akishusha mkono wa kushoto naye anatua palepale, na kiki ya drams inaishi mtaa huohuo, kwa hiyo watu watatu tunagombania chumba kimoja, na kule kwenye viti mtu hasikii besi wala kiki wala kinanda, anasikia vuuuu tu kama lori la mawe linapanda mlima. Kaka wa kinanda alinuna, na mi namwelewa, huyu alianzia kanisa la kijijini akiwa peke yake miaka na miaka, yeye ndo besi yeye ndo ngoma, huo mkono ndo ulikuwa unalibeba kanisa. Ticha akamjibu kwa heshima tu, huo mkono ulikusaidia ulipokuwa peke yako kaka, hapa kuna mtu wa besi kakaa anasubiri kazi. Raundi ya kwanza mkono ukachomoka mfukoni wenyewe, ya pili ukachomoka tena, ya tatu ukatulia, na hapo ndo kwa mara ya kwanza ndani ya miaka sita nikajisikia besi yangu mwenyewe inavyotoka. Wapendwa, nilikuwa nakosea! Kila tukienda kwenye kodi ya nne (kodi ni zile noti kadhaa zinazopigwa pamoja) kuna noti ya kupitia nilikuwa naiweka sipo, miaka yote imefichwa na ule mngurumo.

Afu akavuta kiti changu akakiweka kinatazamana na drams, tukapiga mimi na dogo tu, kodi moja, G, dakika kumi na tano. Inachosha. Akasema usimwangalie mikono, mwangalie mguu, mguu ukishuka na kidole kishuke. Na sneya, ile ngoma ndogo ya mlio mkali, ikilia mi nikate noti kwa kuilaza kwa mkono wa kushoto, nisiiache inaning'inia. Hiki cha kukata sikuwahi kufundishwa na mtu, wote wananiambia nianze wapi hakuna aliyeniambia niache wapi. Dakika ya kumi hivi waimbaji waliokuwa wamekaa wanachati wakaanza kutikisa vichwa bila kujua.

Jumamosi ya pili alichelewa dakika arobaini. Nilipomuuliza akasema alikuwa Sengerema, kivuko kimemchelewesha, nikamwambia ticha, daraja la Kigongo-Busisi lilifunguliwa Juni 2025, kivuko kipi tena? Akasema alipita Kamanga. Haya. Muda ule hakuufidia, naandika hapa mjue.

Ila siku hiyo akatibu ugonjwa ambao najua makanisa mengi mnao. Kinanda wetu wa pili anapiga kila kitu kwenye C halafu anabonyeza transipozi, kile kitufe cha kupandisha au kushusha sauti ya kinanda kizima. Ukimuuliza ki gani, yaani wimbo umesimama kwenye noti ipi, anakujibu kwa moyo mweupe kabisa, C, kumbe sauti inayotoka ni Eb, mi nikiweka C yangu kanisa zima linageuka kunitazama mimi. Nilitegemea ticha amkataze, hakumkataza. Alimwambia angalia ile namba kwenye kioo, ikiandika 3 maana yake hesabu hatua tatu kutoka C, C#, D, Eb, sasa hiyo ya mwisho ndo utuambie sisi, C yako kaa nayo. Na sisi wote tukaanza kuhesabu kodi kwa namba, ya 1 ndo ile yenye jina la ki. Wimbo wa 1, 5, 6, 4 kwenye C ni C, G, Am, F, kwenye Eb ni Eb, Bb, Cm, Ab, ila vidole anavyoonyesha kiongozi ni vilevile, kimoja, vitano, sita, vinne. Mwezi mzima wa kukariri mapambio upya kila ki umeisha hapo. Kidole cha sita wanaonyesha kwa mikono miwili, mwenye maiki anapata shida kidogo.

Lingine ni lile la mama kuanzisha pambio kutoka kwenye kiti bila taarifa. Mnalijua. Anaanzisha ki iliyo katikati ya Bb na B, kwenye kinanda haipo, na wanamuziki wote sita tunaanza kuitafuta kwa pamoja, tutu, tititi, bum, kila mtu na yake, kanisa linaimba huku linakunja uso. Sheria mpya, anayetafuta ni mmoja tu, kinanda cha kwanza, kwa mkono wa kulia, juu, kwa sauti ndogo, wengine mikono magotini mpaka aonyeshe kidole. Rahisi hivyo, na imetuokoa aibu Jumapili zote tangu siku ile.

Sasa chumba. Kiko juu ya mlima, na mlima wa Mwanza mnaujua, ni mawe, bajaji inakuacha chini unabeba spika ya besi kichwani unapita katikati ya majabali kama mbuzi. Ukutani wamebandika trei za mayai wakiamini zinazuia sauti isitoke. Hazizuii, jirani alikuja kugonga mlango mara mbili. Pedo ya kiki inalia kwiii. Maiki moja kati ya nne ina waya wa kubembeleza. Na Jumamosi ya tatu umeme ukakatika karibu saa nzima, jenereta hakuna, na mwenye chumba akaihesabu hiyo saa kama kawaida, elfu kumi yangu ya giza alichukua. Tulibishana hadi mlangoni.

Kinachoniuma ni kwamba hiyo saa ya giza ndo ilitufaa kuliko zote. Ticha hakusimama, akasema endeleeni. Vinanda vimekufa, basi kaka wa kinanda akaimba kodi zake kwa mdomo. Gitaa la solo bila umeme linatoa kasauti kama mbu, kwa hiyo ili lisikike, dogo wa drams ilibidi aweke fimbo chini apige kwa viganja, mi nikabana besi kifuani nikawa naisikia kwa mbavu, na waimbaji wakashuka wenyewe bila kuambiwa. Tukapiga wimbo wa kuabudu ule wa polepole mpaka mwisho, nikawa nasikia hadi dada anavyovuta pumzi kabla ya kiitikio, na nikagundua dogo naye anaisubiri ile pumzi ndo aingie. Umeme uliporudi kila mtu alichomeka chombo chake lakini hakuna aliyeongeza sauti. Ticha akasema hiyo hapo ndo saizi yenu, msiiguse. Ukimsikia dada anavuta pumzi, upo sawa, usipomsikia, wewe ndo mwenye makosa, usimtafute mwingine.

Alichokosa. Waimbaji walipata kama nusu saa tu kati ya saa zote, sauti ya pili bado inaibia ya kwanza kila ikifika juu. Fundi mitambo wetu hakufundishwa kitu, na bila fundi mitambo haya yote yanaishia kwenye mikisa, ile mashine ya kupangia sauti za vyombo, yeye akipandisha tu kitufe kimoja kwa kufurahi tumerudi palepale. Na hakuja kuliona kanisa lenyewe. Ukuta wetu wa nyuma uko kama mita 25, sauti inaenda na kurudi, mita 50, na mwendo wake ni kama mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo sneya inamrudia dogo baada ya sehemu ya saba ya sekunde hivi na yeye anadhani kachelewa, anakimbia. Kwenye kachumba kenye trei za mayai huo ugonjwa hauonekani.

Ticha nampa nyota nne, angewahi ile Jumamosi ningempa tano kasoro. Chumba nyota mbili, zote mbili za upepo wa ziwa dirishani.

Jumapili iliyofuata tulipiga hivyohivyo, solo alisahau mara moja tu kwenye sebene, kiongozi kafunga ngumi ya kumaliza na yeye macho yako kwenye nyuzi, akazunguka raundi nne peke yake. Baada ya ibada mama mmoja wa ushirika akanifuata nje akaniuliza, mwanangu, leo mbona mlikuwa wachache, wengine wameenda msibani? Nikamwambia mama tulikuwa wote. Akaniangalia kama namdanganya.

Sasa tunachangishana Jumamosi ya nne, safari hii kanisani kwetu na fundi mitambo awepo. Wote wameshatoa kasoro kaka wa kinanda, anasema atachanga akiruhusiwa kutoa mkono mfukoni.