Chuo cha kimataifa Kampala: nilikuwa nawasifia sana, dirisha moja limeniharibia

Niko hapa mwaka wa pili sasa, na kila likizo nikirudi Bukoba wazazi wenye watoto waliomaliza fomu siksi wananiuliza, hivi huko Kampala pakoje, tumlete mtoto? Siku zote nilikuwa nawaambia mleteni, ni karibu kuliko Dar, unavuka mpaka wa Mutukula asubuhi jioni ushafika. Sasa hivi hata sijui niwajibu nini. Hasira niliyonayo ni ya semista iliyopita na haijaisha, mtanivumilia.

Mambo ya kozi na ada angalieni wenyewe, yote wameyaweka wazi. Mimi naongelea dirisha la ofisi ya fedha.

Huruhusiwi kuingia kwenye mtihani bila kadi ya mtihani, na kadi haitoki mpaka ada yote ionekane imelipwa. Hilo sina ugomvi nalo, hata kwetu lipo. Baba aliuza kahawa akatuma hela, nikaenda benki mwenyewe nikalipa kama wiki mbili hivi kabla ya mitihani, nikapewa risiti, muhuri wa zambarau umekaa vizuri, namba ya malipo inasomeka, jina langu halijakosewa hata herufi moja. Nikaifunga kwenye mfuko wa plastiki isilowe maana mvua ya Kampala ikianza unavuka barabara maji yako magotini.

Siku ya mtihani wa takwimu nilishika foleni kabla ya saa moja, mtihani saa tatu. Nafika dirishani saa mbili na nusu imepita. Dada wa pale anamenya karanga, akaingiza namba yangu, akasema haisomi. Nikampa risiti. Jamani hata hakuishika, aliirudisha chini ya kioo kwa kidole kimoja, maganda ya karanga yakaja nayo, akaita mwingine. Mimi hapo nimechanganyikiwa, Kiingereza chote kimenitoka, nikasema kwa Kiswahili, "Samahani dada, nimelipa, naomba uangalie muhuri tu." Hapo ndo akaniangalia usoni kwa mara ya kwanza. Akanijibu kwa Kiingereza, kwa sauti, foleni nzima isikie, kwamba hapa sio kambi ya jeshi, hiyo lugha ya wanajeshi na wezi nikaongee kwetu. Kuna watu walicheka.

Historia naijua. Najua watu wengi hapa walikisikia Kiswahili kwa mwenye bunduki, enzi za Amin na hata baada yake, na mzee akiniambia hiyo lugha inamuumiza nitanyamaza na nitamheshimu. Lakini Amin aliondoka 1979, na yule dada ukimtazama hata hakuwa amezaliwa! Na katiba yao wenyewe tangu marekebisho ya 2005 inakitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na 2022 baraza la mawaziri likaamua kifundishwe shuleni kwa lazima. Halafu getini pale chuo kimeweka bango, limeandikwa KARIBU kwa herufi kubwa kuliko jina la chuo, na bendera za Afrika Mashariki zimelizunguka. Baba siku ananileta alisimama mbele ya lile bango akasoma, akaniambia mwanangu hapa uko nyumbani. Mimi kinachoniuma ni hicho, hata kuliko mtihani.

Mtihani niliukosa. Nilienda kukaa getini nalia, na mtu pekee aliyeniuliza nina nini ni askari, mzee mmoja aliyewahi kuwa jeshini, Kiswahili chake cha kambini. "Keti hapa, mtoto yangu. Usilie." Akaniachia kiti chake cha plastiki, yeye akasimama juani mpaka saa sita. Saa tisa mchana ikaingia meseji kwenye simu, malipo yako yamepokelewa. Saa tisa! Na sasa nadaiwa hela ya kurudia somo, sisi tunaita sapu huku wanaita ritekii, kwa somo ambalo nilikesha nikilisoma.

Lakini sitaki kumdanganya mtu. Walimu wa hapa ni wazuri, tena huyohuyo wa takwimu umeme ukikatika anawasha tochi ya simu anaendelea na swali mpaka muelewe. Chakula mimi Mhaya sina shida, ndizi ndizo tulizokulia, na Kiganda na Kihaya ni ndugu, kwenye takisi maneno mengi nayashika. Rumumeti wangu ni wa Gulu, siku ile alinipikia uji akaniambia kesho tunaenda wote kwa mkuu wa idara, na kweli tukaenda, tukaambiwa tuandike barua. Barua nimeandika. Majibu hakuna mpaka leo.

Kwa hiyo mleteni mtoto? Kwa ajili ya walimu, ndiyo, mleteni. Ila mlipe ada mapema, mwezi mzima kabla, na mumwambie asiende dirishani peke yake. Hapana, ngoja. Hivi kwa nini mtoto wa mtu aliyelipa aende na shahidi? Mpaka chuo kinijibu ile barua, mimi sitamwambia mtu amlete mwanae hapa, na mdogo wangu anayetaka kuja mwakani nimemwambia asubiri.

Kadi ya semista hii bado sijapewa. Jumatatu narudi pale dirishani, risiti nimetoa kopi tatu, na nikifika nitamsalimia kwa Kiswahili.