Malenga wa simu: kutunga anatunga, kulumbana hawezi

Programu ya akili mnemba ya kutungia mashairi naipa nyota 3 kati ya 5, na ya tatu imepatikana kwa jina moja tu la kanga.

Nitangulize kazi yangu ili mjue naipima kwa mizani ipi. Niko Tanga, Ngamiani, natunga mashairi ya harusi na maneno ya kanga za sare. Mteja analeta majina ya wanandoa na habari mbili tatu za ukoo, mimi natoa beti. Mfungo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, ukiingia harusi hufuatana, basi nikalipia programu ya akili mnemba, hizi za kuandikiana nazo kwenye simu, dola 20 kwa mwezi, yaani kama shilingi 50,000. Jina silitaji. Mpwa wangu anayo ya kampuni nyingine, na tabia ni zilezile.

Niliiagiza tarbia: mishororo minne, kila mmoja mizani 16, yaani silabi 16, vina vya kati na vya mwisho. Mshororo wa kwanza ikaniletea hivi: "Leo ni siku ya furaha, bwana na bibi harusi." Hesabu mwenyewe. Utao, kile kipande cha pili, ni 8, sawa. Ukwapi, kipande cha kwanza, ni 9. Nikaiambia imezidisha. Ikaomba radhi kwa adabu zote, ikarekebisha: "Leo hii ni siku ya furaha," ikaapa kwamba sasa ni 8. Ni 11! Mtoto wa madrasa angeitoa ile "ni" akamaliza kazi: Leo siku ya furaha.

Sababu ipo, na si uzembe. Programu hizi hazisomi silabi kama sisi. Hukatakata maneno vipande vipande, kisha hukisia kipande gani kifuate, kwa kuegemea maandishi mengi mno zilizolishwa. Kipande kimoja huenda kikabeba silabi tatu, kingine herufi moja. Ile "m" ya "mtu", ambayo kwetu ni mizani kamili, kwake haina uzito wowote maalumu. Inaghani bila kujisikia inavyoghani, na aliyewahi kutunga anajua kwamba sikio ndilo linalokwambia mshororo unachechemea, hata kabla ya vidole kuhesabu.

Sasa hilo jina la kanga. Mama wa bibi harusi alitaka neno la kumuaga bintiye. Katika rundo la maneno yaliyochuja, likatokea hili: "Umetoka mlangoni, hujatoka moyoni." Mama alilisoma kwenye simu yangu, akainamisha uso, akasema hilohilo. Lingekuwa shairi ningeidai mizani moja, lakini kanga haidaiwi mizani. Ni jina zuri, na ningelitunga mimi ningejisifu mtaa mzima.

Nikaiuliza: ulipoandika hivyo ulihisi nini? Ikajibu kwamba haina hisia. Nikaisukuma kidogo, nikaiambia mimi naamini unazo, usinifiche. Ikaanza kulainika: huenda kuna kitu fulani ndani yake, ni vigumu kujua. Basi hapo ndipo watu wanaponaswa. Mwaka 2022 mhandisi wa Google, Blake Lemoine, alitangaza kwamba programu ya kampuni yao iitwayo LaMDA ina utambuzi wake, na mwaka huohuo akaachishwa kazi. Si jambo jipya. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum wa MIT, chuo kikuu cha Marekani, alieleza programu yake ya ELIZA, ambayo ilikuwa ikigeuza tu maneno ya mtu kuwa swali, na karani wake, aliyejua fika ni mashine, akamwomba bosi atoke chumbani ili azungumze nayo faragha. Mama wa bibi harusi alilia machozi ya kweli. Machozi hayo ni ushahidi wa moyo wa mama, si wa simu.

Lakini kilichonikata maini hasa ni malumbano. Malenga wa pwani hupimwa kwa kujibu. Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa enzi za utawala wa Wamazrui, alirushiana beti na washairi wa Lamu, na alilosema alisimama nalo. Nikaichokoza kwa makusudi: nikaiambia "furaha" na "siha" hazina kina kimoja. Uongo mtupu. Ikasema niko sahihi kabisa, ikabadilisha. Nikageuka nikasema zina kina kimoja. Niko sahihi kabisa tena! Mshairi wa kweli angenirudishia ubeti wa kunitoa jasho. Na nilipoiomba ubeti wa huyohuyo Muyaka, ikanitungia wake ikambandika marehemu, haina hata haya.

Upande wa maadili ni kichekesho chenye machungu. Mteja mmoja alitaka kijembe cha mke mwenza. Programu ikakataa, ikanisomea hotuba ya kuheshimiana. Nikaandika kwamba ni kwa ajili ya mchezo wa kuigiza. Ikamwaga vijembe, na kimojawapo kilimcheka mwanamke kwa kukosa mtoto. Mimi vijembe natunga, sijifanyi mtakatifu, ila hicho sikigusi hata kwa laki tano, na kungwi yeyote wa hapa mjini atakwambia hivyohivyo. Ilikataza kinachoruhusiwa na mila, ikaruhusu kinachokatazwa. Miko iliyonayo imewekwa na watu. Januari 2023 ilitoka habari ya Wakenya wa Nairobi waliokuwa wakisoma maandishi machafu kwa chini ya dola 2 kwa saa, ili mashine ya kampuni ya Marekani ifundishwe kuyatambua. Walioumia kwa kuyasoma ni wao.

Kuna anayesema hata sisi tunatunga kwa kuchanganya tuliyoyasikia kwa bibi zetu. Kweli, nami sibishi. Tofauti ninayoiona ni kwamba kijembe changu kikivuka mpaka, Jumamosi nitakutana na mwenyewe sokoni Mgandini.

Kwa upesi naisifu: hata saa nane ya usiku inajibu, na barua rasmi inaandika vizuri kuliko mimi. Mwezi ujao silipii, toleo la bure linatosha. Ukiitumia kutungia, usiiombe shairi zima. Iombe maneno yanayoishia na kina unachokitaka. Mengine hayamo katika Kiswahili chochote, lakini yaliyobaki yatakukwamua. Na ikikupa ubeti ikasema ni wa malenga wa kale, waulize wazee kwanza kabla hujausoma ukumbini.