TAHADHARI: "Tanzanite ya Kongo" inayouzwa kwenye magrupu ni feki

Wadau, kuna jamaa anazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp akiuza tanzanite "ya Kongo, haijachomwa", eti ndiyo maana bei iko chini. Mawe yake yameanza kufika mezani kwangu hapa Arusha, yakiletwa na watu walioshalipa.

Tanzanite ya Kongo haipo. Inachimbwa Mirerani tu, wilayani Simanjiro, tangu igunduliwe 1967, na ndiko ulikojengwa ule ukuta wa kilomita 24.5 mwaka 2018. Hilo la "haijachomwa" nalo ni mtego. Jiwe likitoka shimoni mara nyingi lina ukahawia. Linachomwa kwenye tanuru, nyuzi 500 hadi 600 hivi, ndipo bluu inajitokeza. Bluu isiyopitia moto ipo ila ni adimu, na mwenye nayo hawezi kuitupa kwa bei ya karanga.

Video anayokutumia ni ya jiwe halisi. Linalokuja na basi ni forsteraiti, madini mengine kabisa, iliyotengenezwa maabara. Akishakuona una wasiwasi anakwambia likwaruze kwenye kioo, likikwaruza ni orijino. Upuuzi mtupu! Kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs, chenye namba kubwa hukwaruza chenye ndogo: tanzanite ni 6 hadi 7, forsteraiti karibu 7, kioo kama 5.5, kwa hiyo yote mawili yatakwaruza. Na ukiwa na tanzanite ya kweli unaweza kuipasua hivyo hivyo, maana ina mkondo wa kupasukia.

Tafuta lenzi inayokuza mara 10, chungulia kupitia uso wa juu hadi kwenye kingo za chini. Kwenye hii feki kingo moja inaonekana mbili waziwazi; kwenye tanzanite huwezi kuona zimeachana hivyo. Ukikuta viputo vya duara, hiyo hata forsteraiti si, ni chupa. Kubadilika rangi ukiligeuza kusikupe imani, forsteraiti nayo inacheza kati ya bluu na zambarau.

"Cheti" chake ni kadi ya plastiki yenye picha ya Kilimanjaro, haina namba ya kuhakiki popote. Leseni ya broka ukimwomba, anakublock.

Ukitaka jiwe, nenda soko la madini au kwa mwenye leseni, lipimwe kabla hela haijatoka. Kama ulishamlipa, usifute chati wala meseji za muamala, maana jina la namba ya kupokelea pesa si lile analojitambulisha nalo. Peleka vyote polisi, pamoja na jiwe lenyewe.